Mlimani na Mwanafunzi Aliyesahauliwa

Anayekuja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili, mara nyingi hukutana na dalali kabla ya kukutana na msimamizi wa tasnifu yake. Dalali humzungusha Msewe, Changanyikeni na Makongo, akimwonyesha chumba kimoja kisicho na dari, kingine chenye choo cha kuchangia na wapangaji sita, halafu humtajia masharti: kodi ya miezi sita mkononi, na ya mwezi mmoja juu yake iwe ya dalali. Ukiuliza kwa nini mambo yako hivi, jibu la haraka ni kwamba wanafunzi wamekuwa wengi kuliko vitanda. Ni kweli, lakini jibu hilo halifiki kwenye mzizi. Uhaba wa vitanda ulipoingia Mlimani, kama kampasi hiyo ya kilimani inavyoitwa, ulimkuta mwanafunzi wa uzamili keshawekwa kando siku nyingi, kwa sababu mabweni ya kilima kile yalijengwa yakiwa na picha ya mtu mmoja tu kichwani: kijana wa miaka ishirini na kitu, asiye na mke wala mume, asiye na mtoto, ambaye hajawahi kuajiriwa. Picha hiyo imedumu kuliko sera zote zilizofuata.

Ilikotoka inajulikana. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza iliunda Tume ya Asquith kuangalia elimu ya juu katika makoloni, na ripoti yake ya mwaka 1945 ilisisitiza kwamba vyuo vikuu vya makoloni viwe vya bweni. Hoja ya tume ilikuwa kwamba vijana waliotoka katika makabila, dini na lugha mbalimbali wangefundwa pamoja kwa kula na kulala pamoja. Makerere ilifuata mkondo huo, na Dar es Salaam nayo ikafuata. Chuo kilipofunguliwa Oktoba 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Miaka mitatu baadaye kilihamia kilimani, na huko mabweni yalipanda sambamba na madarasa. Waliopanga ujenzi wa chuo kile hawakuliona bweni kama hisani. Kwao lilikuwa sehemu ya masomo, kama maktaba ilivyo sehemu ya masomo, na katika hilo naamini walikuwa sahihi. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba anayehitaji kufundwa ni kijana wa shahada ya kwanza peke yake. Vyumba vya watu wawili, vitanda viwili vyembamba, meza mbili na kabati la ukutani, havikuacha nafasi ya mtu anayekuja na familia, wala ya mtu anayehitaji kutandaza madaftari ya utafiti sakafuni kwa wiki tatu bila kuyagusa.

Ushahidi kwamba picha ilikuwa ngumu kubadilika ulikuja mwaka 1974. Azimio la Musoma liliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, halafu aje na mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na kidonda cha Oktoba 1966, pale wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, kisha akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tangu hapo taifa liliwatazama wasomi wa Mlimani kwa wasiwasi, na Musoma ilikusudia kuleta watu wazima waliokwisha kuionja kazi. Na kweli walikuja: walimu, mabwana shamba, makarani, wengi wao wakiwa wazazi. Idadi ya wanawake iliposhuka ikabidi wao walegezewe sharti, jambo ambalo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba umri na familia vina uzito katika nafasi ya mtu kusoma. Hata hivyo mabweni yalibaki yaleyale. Mtu wa miaka 35 aliyeacha watoto watatu Tabora alipangiwa kitanda chembamba na mwenzake, na familia ikabaki inamsubiri nyumbani. Kama nchi haikubadilisha bweni wakati ilipokuwa imeamua kwa makusudi kuwasomesha watu wazima, si ajabu kwamba haikulibadilisha kwa ajili ya kundi dogo la uzamili.

Kilichopotea kwa kumweka mwanafunzi huyo nje kinaonekana tukikumbuka kilichopatikana alipokuwa ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi waliunda USARF, chama cha mrengo wa kushoto kilichoongozwa na Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, na jarida la chama hicho, Cheche, likasomwa mpaka serikali ilipolizima mwaka 1970. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapo, na masomo ya itikadi yalifanyika Jumapili, siku ambayo hakuna kipindi wala ratiba. Jumapili asubuhi hukusanyi watu wa Temeke na Kinondoni kujadili ubeberu. Unawakusanya walioamkia hapohapo. Miongoni mwa waliopita katika mduara huo alikuwamo John Garang, aliyekuja kuwaongoza wapiganaji wa Sudan Kusini, ambaye alifika Mlimani akiwa tayari na shahada ya kwanza kutoka Marekani. Mtu wa aina hiyo, aliyesoma kwingine na anayekuja kuuliza maswali ya juu zaidi, huwafaa vijana kwa namna ambayo mhadhara hauwezi. Akiishi nao, huwafundisha kubishana bila kujua kwamba anafundisha.

Baadaye kitanda chenyewe kikawekewa bei. Sera ya kuchangia gharama ilianza kutekelezwa kwa awamu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na chakula na malazi vikahamia kwenye mabega ya mwanafunzi na mkopo wake. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, iliwalenga hasa wa shahada ya kwanza. Wanafunzi walipoongezeka, mabweni yakazaa maisha ya kubebana: aliyepangiwa chumba humkaribisha asiye nacho, wanalala mzungu wa nne kitanda kimoja, kichwa cha huyu miguuni pa yule, na alfajiri mmoja anatangulia kwenye vimbweta vya kujisomea ili mwenzake ajinyooshe. Kubebana ni ukarimu mkubwa, nami nauheshimu. Lakini ni ukarimu wa watu wa rika moja na darasa moja. Mwanafunzi wa uzamili hana wa kumbeba. Serikali na chuo viliitikia kwa hosteli za Mabibo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha kwa hosteli za Magufuli zilizozinduliwa Aprili 2017: majengo 20 yenye nafasi ya watu 3,840, kwa takriban shilingi bilioni 10. Ilikuwa kazi kubwa, iliyofanywa haraka na kwa bei nafuu, na maelfu wamepata pa kulala. Ila ukigawanya unapata watu 192 kwa kila jengo, na hesabu hiyo inakuambia aliyepanga majengo hayo alikuwa anamfikiria nani.

Wapo watakaosema nchi maskini lazima ianze na wengi, na kwamba mtu mzima mwenye mshahara anaweza kujipangia. Hoja hii ina nguvu kwa wale wanaosoma jioni wakitokea ofisini kwao Posta, na sidai kwamba chuo kiwajengee hao. Haina nguvu kwa mwalimu wa sekondari kutoka Kigoma aliyepewa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, ambaye mshahara wake unalisha nyumba mbili. Wengine watakumbusha kwamba bweni halikuwa pepo, na hawa nawasikiliza kwa makini zaidi. Katika mabweni hayohayo lilikua kundi la Punch, lililobandika ukutani usiku michoro ya kuwadhalilisha wanafunzi, hasa wanawake, mpaka Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alipojiua baada ya kuandamwa. Hakuna utetezi wa jambo hilo. Mimi nalisoma kama hukumu juu ya bweni la rika moja lililoachwa lijitawale gizani, na kwa maoni yangu linadai watu wazima zaidi ndani ya chuo. Hofu ya tatu ni ya watawala: wasomi wakilala pamoja huandamana pamoja, kama ilivyokuwa Machi 1978 walipopinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Walioandamana walikuwa na hoja, na nchi isiyotaka kusikia hoja ina shida ambayo kuwatawanya wanafunzi Sinza na Ubungo hakuitibu.

Hata ukosefu wa ardhi hausimami kama sababu. Mwaka 2006 Mlimani City ilifunguliwa juu ya ardhi ya chuo, maduka na maegesho yakapata nafasi yake kwa mkataba wa miaka mingi. Sikatai kwamba chuo kinahitaji mapato. Nasema tu kwamba eneo lilipatikana kwa mteja aliyefikiriwa. Nyumba ndogo hamsini, kila moja ikiwa na chumba, sebule na jiko, karibu na maktaba kiasi cha kurudi kwa miguu saa nne usiku, zingeanza kumfikiria mtafiti mwenye mtoto. Ni mradi mdogo kuliko jengo lolote kubwa lililosimamishwa kilimani tangu 1964, na unaweza kuanza na nyumba kumi.