Hiyo 128 Mliitoa Wapi?

Wasee, kila anayeanzisha redio ya mtandaoni anakopi setingi za mtu mwingine: poti 8000, bitireti 128 kbps, stereo. Kisha anashangaa mbona wasikilizaji wanatoroka. Hizo namba zina historia, na si historia ya huku.

Rudi 1995. RealAudio ilipotoka Marekani, watu walitumia modemu za simu, nyingine za 14.4 kbps tu. Sauti ilibanwa hadi ikasikika kama mtu anaongea ndani ya debe, lakini ilifika. Walianza na laini, wakauliza inabeba ngapi, ndipo wakapanga sauti. Mwisho wa 1998 ikaja Shoutcast, Icecast ikafuata, na sasa yeyote angeweza kuwa na stesheni. (Paswadi ya mfano kwenye Icecast ni "hackme", yaani nidukue, na kuna watu huiacha hivyo hivyo. Aki!)

Sisi? Hadi 2009 intaneti yetu ya kwenda nje ilitegemea setelaiti, karibu kilomita 36,000 juu. Bei ilikuwa ya wenye nazo. Mwaka huo kebo za TEAMS na SEACOM zikatua Mombasa, spidi ikapanda, na hapo ndipo tulipoacha kupiga hesabu.

Lakini ukiwa kwa matatu ukitoka Kithimani kwenda Matuu, mtandao bado unapanda na kushuka. Hapo ndipo bafa inaokoa. Ichukue kama tangi la maji: mfereji ukikatika, unachota ulichoweka. Kwa kawaida Icecast humpa msikilizaji mpya baiti 65,535 mara tu anapoingia. Kwa 128 kbps, hizo ni sekunde nne. Kwa 32 kbps ni sekunde kumi na sita. Tangi ni lile lile, umepunguza kiu tu. Ubaya ni kwamba anabaki nyuma kidogo, so kama ni mechi, jirani atashangilia goli kwanza.

Na bando je? Susu akisikiliza ibada saa mbili kwa 128, ni kama MB 115. Kwa 32 ni MB 29. Najua mtasema kwoliti. Sawa, muziki upe 64 au zaidi. Ila tangu Opus itoke 2012, mahubiri kwa 32 mono yanasikika safi kabisa. Watu wawili wakipiga stori kwa stereo ya 128, buda, unamuuzia susu hewa.

Badilisha leo, kisha panda matatu ya Matuu na earphone zako usikilize.