Kurudilia Ahadi za Ubatizo: Mafundisho ya Historia katika Masisi na Walikale

Kila mwaka, usiku wa Kesha la Pasaka, Wakristu wetu wanasimama na mishumaa mikononi, na padri anawauliza kama wanamkataa shetani na kazi zake zote. Wanajibu kwa sauti moja. Kisha wananyunyiziwa maji, mishumaa inazimwa, na kila mtu anarudi kwake. Wengi wanazani ya kama desturi hii katika Kesha ni ya tangu zamani sana. Sivyo. Ni Papa Pio XII aliyeitia katika Kesha la Pasaka mwaka 1951, kwanza kwa kujaribu, kisha akaithibitisha katika matengenezo ya Juma Takatifu yaliyoanza kufuatwa mwaka 1956. Maana yake ni wazi. Ubatizo si mali ya mtu mmoja aliyoipata siku moja na kuifunga sandukuni. Taifa zima la Mungu linapashwa kuurudilia pamoja, mbele ya Mungu na mbele ya wenzao.

Agano la Kale lilitufundisha jambo hili mbele. Yoshua, alipokuwa karibu kufa, aliita makabila yote ya Israeli kule Shekemu akawataka wachague ni nani watakayemtumikia. Walipojibu vizuri, hakuwasifu upesi. Aliwaonya ya kama jibu ni zito, akasimamisha jiwe liwe shahidi. Tuangalie neno hili: aliita makabila yote. Agano halikurudiliwa na kabila moja kando ya mengine.

Katika makala haya nataka kutazama historia ya Wakristu wa Masisi na Walikale, tupate kujua sababu gani ahadi zilizosemwa vizuri hazikuzuia mabaya, na ni nini iliyosaidia pahali iliposaidia.

I. Namna ahadi ilivyoletwa

Mapadri Weupe, walioanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, walifungua misioni ya Lulenga, upande wa Rutshuru, mbele ya vita ya 1914. Kutoka huko, na kutoka kando ya ziwa Kivu, Injili ilipanda polepole kwenye milima ya Masisi, kisha ikaingia pori kubwa la Walikale. Lavigerie alikuwa ameagiza ya kama mtu asibatizwe upesi: miaka miwili awe mwombaji, miwili tena awe mkatekumeni, jumla miaka mine. Watu wengine waliona sheria hii kuwa ngumu mno. Lakini mwenye kuitoa alijua ya kama mtu anayekubali upesi anaacha upesi vilevile.

Tusiwasahau wakatekista. Teritware ya Walikale inapita kilometa za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi. Katika pori lile padri alifika mara chache, kwa miguu. Aliyekuwa pale kila siku, kufundisha sala, kuzika wafu, kupatanisha mume na mke, ni mkatekista. Kama imani ilikaa, ilikaa kwa mikono yake.

II. Ardhi, watu na karatasi

Masisi ni inchi ya Wahunde tangu zamani, na Walikale ni inchi ya Wanyanga na Wakumu pamoja na wengine. Tangu mwaka 1937 hata 1955 serikali ya Wabelji ilihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, Wahutu na Watutsi, ikawapanga katika milima ya Masisi, zaidi Gishari. Serikali ilitafuta mambo mawili: kupunguza watu katika Rwanda iliyojaa na kupigwa na njaa, na kupata watu wa kazi katika mashamba ya Wazungu. Wengi kati ya wale waliokuja walikuwa wamekwisha batizwa ao walikuwa wakatekumeni, kwani miaka ile watu wa Rwanda waliingia Eklezya kwa wingi; mwami wao mwenyewe, Mutara Rudahigwa, alibatizwa mwaka 1943.

Basi, wenyeji na wageni walikutana Misani wakiwa ndugu katika Kristu, lakini shambani walikutana wakiwa wenye kugombea udongo mmoja. Kati ya 1963 na 1965 damu ilimwagika mara ya kwanza katika vita ambayo watu wanaiita ya Kanyarwanda. Nyuma ya hayo sheria zilizidisha fujo. Mwaka 1972 sheria iliwapa wengi uraia. Mwaka 1981 sheria ingine ikauondoa. Mwaka 1973 udongo wote ukafanywa kuwa mali ya serikali, na wenye nguvu wakapata karatasi za mashamba makubwa ya ng'ombe huku mkulima akifukuzwa pahali alipozikwa babu yake. Mtu asiyekuwa na karatasi alimwogopa jirani yake. Na jirani naye alimwogopa.

III. Kwarezima ya 1993 na Pasaka ya 1996

Siku ya posho, tarehe 20 mwezi wa tatu 1993, katika soko la Ntoto, teritware ya Walikale, vijana wenye silaha wa Wanyanga na Wahunde waliwaangukia Wanyarwanda waliokuja kuuza na kununua. Moto ukaenea mpaka Masisi. Wanyarwanda nao wakalipiza kisasi, vijiji vikachomwa pande zote. Maelfu ya watu walikufa, na waliokimbia walipita laki mbili.

Tutazame kalenda ya Eklezya. Ilikuwa katikati ya Kwarezima. Majuma matatu nyuma ya Ntoto, tarehe 10 mwezi wa ine, lilikuwa Kesha la Pasaka. Mahali padri alipoweza kusimama mbele ya watu, aliwauliza wale waliobaki swali lilelile: Unamkataa shetani na kazi zake zote? Nao walikuwa wanaona moshi kwa macho.

Kati ya mwezi wa kumi na moja 1993 na mwezi wa pili 1994 viongozi, wazee na watu wa Eklezya waliwakutanisha makabila, na amani ya kadiri ikarudi. Haikukaa. Mwezi wa saba 1994 watu karibu milioni moja walikimbia kutoka Rwanda wakafika upande wa Goma, na pamoja nao askari walioshindwa na wauaji. Wahutu na Watutsi wa Masisi, waliokuwa pamoja mwaka 1993, wakatengana.

Katika Masisi, Watrapisti kutoka Scourmont katika inchi ya Ubelji walikuwa wameanzisha monasteri ya Mokoto mwaka 1954. Watutsi wengi waliofukuzwa kwao walikimbilia pale, wakizani ya kama nyumba ya Mungu itawafunika. Tarehe 12 mwezi wa tano 1996, siku ya mungu, walishambuliwa, na watu wengi wakauawa, hata ndani ya kanisa. Wamonaki walilazimishwa kuondoka, wakakaa Keshero pembeni ya Goma. Nyuma ya miaka mingi walirudi Mokoto. Siku ile ilikuwa siku ya mungu ya sita ya Pasaka. Majuma matano tu yalikuwa yamepita tangu Kesha, tangu ahadi na maji.

IV. Jambo la shirika

Mtu atauliza: Je, hatukuwa na mashirika? Ndiyo, tulikuwa nayo. Mwisho wa mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, waliokusanyika Léopoldville, walichagua njia ya jumuiya hai za Wakristu. Hawakutaka parokia ikae kama kituo kikubwa kinachongojea watu. Walitaka Wakristu majirani wasome Neno la Mungu pamoja, waangalie wagonjwa, wapatanishe wenye kugombana. Jimbo la Goma lilikuwa limesimamishwa mwaka 1959, na Askofu Joseph Busimba ndiye aliyekuwa mchungaji wake wa kwanza. Njia ya shirika iliingia vizuri katika Kivu. Mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipokataza vyama vya vijana vya Eklezya, hata Xaveri iliyozaliwa Bukavu mwaka 1952, na mwishoni mwa mwaka 1974 ilipotwaa masomo yetu, ni katika mashirika Wakristu walipoendelea kuomba na kufundishana. Tuyashukuru.

Lakini shirika limejengwa juu ya ujirani. Na katika Masisi, mlima huu ni wa Wahunde, mlima ule wa Wahutu, bonde lile la Watutsi. Pahali majirani wote ni wa damu moja, shirika linaweza kuwa baraza la ukoo lililotiwa msalaba mlangoni. Watu wanaomba vizuri, wanasaidiana vizuri, lakini wanaomba na kusaidiana wao kwa wao. Hakuna hata mmoja anayekaa pale kama mgeni, wa kuwakumbusha ya kama Kristu amevunja ukuta. Siku ya hatari, wanafunga mlango.

Sinodi ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 mwezi wa ine 1994, siku chache tu nyuma ya kuanza kwa mauaji ya Rwanda. Sinodi ile ilichagua kuita Eklezya jamaa ya Mungu. Katika Sinodi hiyohiyo Askofu Albert Obiefuna wa Awka, katika Nigeria, alisema wazi ya kama kwa watu wengi damu ya kabila inayapita maji ya ubatizo. Maneno haya mawili yanapashwa kusikiwa pamoja. Jamaa ni jina zuri, lakini jamaa ya Mungu haianzi kwa damu ya mababu; inaanza kwa maji ya ubatizo.

V. Wengine wanasema: vita ni ya watu wa nje

Kuna wanaojibu ya kama kurudilia ahadi hakuwezi kitu, kwani vita yetu inaletwa na majeshi ya nje na tamaa ya madini. Ndani ya neno hili mna ukweli mkubwa. Tangu mawe ya Bisie katika Walikale yalipojulikana, karibu mwaka 2002, wenye bunduki wamefuatana pale kama inzi. Mwanzo wa mwaka 2025 M23 walitwaa Masisi, Sake, kisha Goma tarehe 27 mwezi wa kwanza. Waliingia Walikale katikati ya Kwarezima tena, mwezi wa tatu, wakatoka mwanzo wa mwezi wa ine. Mkatekista wa kijijini hawezi kusimamisha jeshi.

Lakini mwaka 1993 Bisie ilikuwa bado pori tu, na majeshi ya nje yalikuwa bado kuvuka. Siku ile ya Ntoto mikono ilikuwa ya majirani, na wengi walikuwa wamebatizwa. Kama tunasema ya kama mabaya yote yametoka nje, tunasema vilevile ya kama wema nao lazima utoke nje. Na hivyo tunakaa kungojea tu. Maaskofu wa CENCO pamoja na Waprotestanti wa ECC hawakungojea. Mwezi wa kwanza 2025 walitangaza Mapatano ya kijamii kwa ajili ya amani na kuishi vizuri pamoja, na mwezi wa pili wajumbe wao walikwenda Goma kuzungumza na wale walioutwaa mji.

VI. Yanayotupasa

Historia hii inatufundisha mambo matatu.

La kwanza, tusifupishe katekumenato. Vita imetuzoeza haraka. Watu wanahama, nasi tunataka kuwabatiza mbele hawajaondoka. Miaka mine ya zamani haikuwa ya kujifunza maswali na majibu tu. Ilikuwa ya kuona kama mtu anaweza kuishi na asiyempenda.

La pili, tufungue mashirika. Kambi za wakimbizi zilichanganya watu wasiochagua kuchanganyika. Warudipo nyumbani, kila kabila litatamani kujifunga upya. Sisi mapadri tumetoka katika makabila hayohayo, na Wakristu wanatazama tunapolala safarini, tunapokula, na tunayemtaja kwanza katika sala. Shirika la mlima mmoja na shirika la mlima wa pili waweze kusoma Neno pamoja, wazike wafu wao pamoja, na kufanya Njia ya Msalaba kwa kubadilishana milima. Si jambo kubwa machoni. Lakini anayejua jina la mtoto wa mwenzake anashindwa kidogo kuchoma nyumba yake.

La tatu, na ndilo gumu, ni jambo la shamba. Mkimbizi anarudi, anakuta Mkristu mwenzake amelima shamba lake, na pengine huyu naye alinyanganywa lake kwingine. Zakayo, siku Yezu alipoingia nyumbani mwake, hakusema anatubu tu. Aliahidi kurudisha mara ine. Ahadi ya Pasaka isiyogusa shamba haijafika udongoni. Wakatekista na wazee wa mashirika, wa makabila yote, wakae mbele ya Kwarezima, wasikilize mashitaka haya moja kwa moja, na waliopatana wasimame pamoja usiku wa Kesha, mshumaa wa mmoja uwashwe kwa mshumaa wa mwenzake.

Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 Eklezya ilimtangaza Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, kuwa mwenye heri. Alikuwa mtumishi wa forodha. Alikataa hongo ya kupitisha chakula kilichooza, akauawa mwaka 2007. Hakufa kwa ajili ya kabila lake. Alikataa watu asiowajua wasilishwe sumu. Ahadi ya ubatizo ni hiyo: kazi zote za shetani, hata ile moja inayotuletea faida.

Ndugu mafratri, mtatumwa Masisi, mtatumwa Walikale. Mtauliza swali la Kesha la Pasaka mbele ya watu waliojibu vizuri mara nyingi. Mlipo bado Seminari, jifunzeni kwanza kulijibu ninyi wenyewe, pamoja na mwenzenu asiye wa kabila lenu. Nanyi wakatekista, ninyi ndio mlioibeba ahadi hii porini kabla ya barabara. Mungu awape nguvu ya kuibeba tena.