Pindo na Marudio: Historia Fupi ya Dhana Mbili za Usanifu kwa Kompyuta

Mfasiri anayepewa mwongozo wa programu ya usanifu wa vyombo kwa kompyuta hukutana mapema na neno moja la Kiingereza lenye kazi mbili. Kwanza, neno hilo hutaja mfuatano wa kingo zinazouzunguka uso wa umbo na kurudi zilikoanzia. Pili, hutaja sehemu ya programu inayotekelezwa tena na tena mpaka sharti fulani litimie. Ni rahisi kuandika "kitanzi" mahali pote pawili na kuendelea na kazi. Sisi tunaona kuwa historia ya dhana hizi yatuonya tusifanye hivyo.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, tasnifu juu ya Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya nuru. Ndani ya kumbukumbu ya mashine, sehemu za mchoro ziliunganishwa kwa mfumo wa pete. Kichwa cha pete alikiita kuku, na vilivyofungamana nacho akaviita vifaranga. Twalitaja jambo hili kwa kuwa ladhihirisha kwamba hata mabingwa wa fani mpya huazima maneno ya nyumbani.

Hata hivyo, mistari peke yake haielezi umbo lenye ujazo. Mchemraba una vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6, na mashine haina budi kujua ni kipi kinapakana na kipi. Mwaka 1972 Bruce Baumgart wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza muundo alioupa jina la ukingo wenye mabawa. Humo kila ukingo huhifadhi habari za vipeo vyake 2, nyuso 2 zinazopakana nao, na kingo 4 jirani. Kwa muundo kama huo ukingo waweza kuulizwa jirani yake katika uso fulani ni upi. Jibu lake hutupeleka kwenye ukingo wa pili, na wa pili kwenye wa tatu, hadi tunaporejea kwenye ule wa kwanza.

Baadaye uwezo huo ulimfikia mtumiaji wa kawaida. AutoCAD ilitolewa mwaka 1982, na mwaka 1986 ikapata lugha ya AutoLISP, hivyo mchoraji akaweza kujitungia amri zake mwenyewe. SolidWorks, iliyotoka mwaka 1995, hushughulikia nyuso na kingo za maumbo, nayo hupokea makro, yaani mfululizo wa amri ulioandikwa mara moja ili utekelezwe kila uhitajikapo.

Sasa na tuchukue bamba la mstatili lililotobolewa tundu moja katikati. Uso wake wa juu umezungukwa na kingo za nje, na ndani yake mna ukingo wa tundu. Fundi anataka makro ichague kingo za nje tu ili izivirige. Katika makro hiyo dhana zote mbili zimo: programu inarudia hatua ileile, na kwa kurudia inaufuata mzunguko wa kingo. Mwongozo ukisema "rudia kitanzi mpaka kitanzi kiishe", mwanafunzi hatajua aambiwalo. Akikosea, mdomo wa tundu nao utavirigwa, na bamba litaharibika.

Kwa hiyo twapendekeza "marudio" kwa dhana ya programu, na "pindo" kwa mfuatano wa kingo. Kila avaaye kanga, au leso kama wasemavyo Mombasa, ajua kuwa pindo huuzunguka mji pande zote. Bamba letu basi lina pindo la nje na pindo la ndani. Huenda msomaji akapinga kwamba pindo latokana na kupinda, ilhali kingo nyingi zimenyooka. Twajibu kwamba pindo la kanga nalo limenyooka, wala hakuna aliyelikataa jina lake.

Istilahi si lazima ifuate upungufu wa lugha ilikotoka dhana. Pale Kiingereza kilipotumia neno moja, Kiswahili kina mawili, nayo yanatosha.