Kupunga, Kulala, Kusikia: Historia ya Tiba ya Hipnosisi na Majina Yake

1. Utangulizi

Anayetaka kuandika kwa Kiswahili juu ya tiba ya hipnosisi hukutana na tatizo kabla ya kumaliza sentensi ya kwanza: tiba hiyo aiite nini? Kiinimacho na mazingaombwe ni majina ya michezo ya kuwahadaa watazamaji. Kupagawa ni hali ya mtu aliyeingiwa na pepo. Usingizi nao haufai, kwa maana mtu aliye katika hipnosisi halali: husikia, hujibu, na mara nyingi hukumbuka yaliyopita.

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Tangu karne ya 18, kila jina ambalo tiba hii imepewa huko Ulaya lilibeba ndani yake jibu la swali moja: nguvu inayomponya mgonjwa inatoka wapi? Makala haya yanayafuata majina hayo kwa mpangilio wa wakati, ili kuonyesha jinsi jina baya lilivyoweza kuuchelewesha ujuzi mzuri.

2. Mkono unaopunga

Katika miaka ya 1770, padri mmoja aliyeitwa Johann Joseph Gassner alipata sifa kubwa katika nchi za Wajerumani kwa kuwapunga wagonjwa pepo mbele ya umati. Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Munich kilimwita daktari Franz Anton Mesmer, aliyekuwa akifanya kazi mjini Vienna, atoe rai yake. Mesmer alionyesha kwamba yeye pia aliweza kuzianzisha dalili zile zile na kuziondoa, bila sala na bila kutaja pepo. Akahitimisha kwamba padri alikuwa mkweli, ila hakujua alichokitumia, nacho kilikuwa mkondo usioonekana unaopita katika viumbe vyote. Mkondo huo Mesmer aliuita sumaku ya viumbe hai.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa matendo ya watu hao wawili: mmoja alipunga pepo, mwingine alipunga mikono juu ya mwili wa mgonjwa. Ufanano huo wa neno unaeleza jambo la kweli. Mesmer alimfukuza pepo katika maelezo ya ugonjwa, lakini muundo wa uponyaji aliuacha kama alivyoukuta. Nguvu iliendelea kuwa nje ya mgonjwa, mikononi mwa bwana mmoja aliyejaliwa kuwa nayo.

Mesmer alihamia Paris mwaka 1778, na wagonjwa wakamiminika. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliunda tume ya uchunguzi. Miongoni mwa wajumbe walikuwamo Benjamin Franklin, mkemia Antoine Lavoisier na mnajimu Jean Sylvain Bailly. Katika bustani ya Franklin huko Passy, mti mmoja ulitiwa “sumaku” na Deslon, mwanafunzi wa Mesmer, kisha kijana wa miaka 12 aliyefungwa kitambaa machoni akaongozwa kutoka mti hadi mti. Alizimia chini ya mti usiotiwa kitu chochote.

Tume iliamua kwamba mkondo haupo, na kwamba yaliyoonekana yalitokana na mawazo ya mgonjwa mwenyewe. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hata hivyo, wajumbe waliyachukua mawazo kuwa mwisho wa shauri, wakati yalikuwa mwanzo wake. Waliuliza kama mkondo upo. Hawakuendelea kuuliza jinsi wazo tupu lilivyoweza kuuangusha chini mwili wa kijana.

3. Usingizi usio usingizi

Mwaka huo huo wa 1784, huko Buzancy, Marquis de Puységur alimpungia mikono mkulima kijana, Victor Race, aliyekuwa mgonjwa wa mapafu. Badala ya mtikisiko uliozoeleka Paris, kijana alitulia kama aliyelala, huku akizungumza kwa ufasaha. Tangu hapo neno usingizi likaanza kushindana na neno sumaku.

Aliyeona mbali zaidi alitoka nje ya Ulaya. José Custódio de Faria, padri aliyezaliwa Goa, koloni la Wareno huko Uhindi, mwaka 1756, alianza kutoa mihadhara Paris mwaka 1813. Hakutumia sumaku, alimwambia mtu atulize mawazo yake, kisha akamwamuru alale. Alifundisha kwamba mkondo haupo na kwamba mponyaji hana nguvu ya pekee, kwani sababu imo ndani ya mtu anayelala. Watu wengi walimdhihaki, naye akafa mwaka 1819.

Wazo lililo karibu na hilo lilipata heshima baadaye kwa njia nyingine. Mnamo Novemba 1841, James Braid, daktari mpasuaji Mskoti mjini Manchester, alitazama maonyesho ya Mfaransa Charles Lafontaine. Aliporudi nyumbani alijaribu mwenyewe, akathibitisha kwamba kukazia macho kitu kimoja kunatosha kuileta hali ile. Katika kitabu chake cha mwaka 1843 aliipa jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Miaka minne baadaye aliona amekosea, akapendekeza jina lingine lenye maana ya wazo moja kuitawala akili. Lakini jina la kwanza lilikuwa limekwisha kuenea.

Wakati huo huo, huko Hooghly, Bengal, Mskoti mwingine, James Esdaile, alianza mwaka 1845 kuwapasua wagonjwa waliotiwa katika hali hiyo. Wa kwanza alikuwa mfungwa mwenye busha. Baadaye aliondoa uvimbe mkubwa wa matende kwa wagonjwa ambao hawakuonyesha dalili za kuumia. Kupunga kulichukua saa nyingi, na kazi hiyo ilifanywa zaidi na wasaidizi wa Kihindi. Esdaile aliamini sumaku. Kama kweli nguvu ilitoka kwa mponyaji, basi sifa iliwastahili wasaidizi hao. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1846 kilibeba jina la daktari. Mwezi Oktoba mwaka huo huo dawa ya etha ilionyeshwa mjini Boston, na mwaka uliofuata ikaja klorofomu. Madaktari wakapata kitu cha kuzuia maumivu kwa dakika chache, wakaiacha njia ya saa nyingi.

4. Neno na msikilizaji

Mjini Nancy, Ufaransa, daktari Ambroise Liébeault aliwatibu maskini kwa maneno ya upole: aliwaambia walale, kisha kwamba maumivu yanapungua. Profesa Hippolyte Bernheim alimfuata, na mwaka 1886 akatoa kitabu kuhusu uwezo wa pendekezo katika tiba. Mjini Paris, Jean-Martin Charcot alishikilia kwamba hipnosisi ni dalili ya ugonjwa wa neva. Bernheim alijibu kwamba karibu kila mtu anaweza kuifikia, na wakati ulimpa haki.

Katika mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliitambua hipnosisi kuwa chombo cha tiba. Tangu mwaka 1992, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, maelfu ya wagonjwa wamepasuliwa kwa hipnosisi ikiunganishwa na ganzi ya mahali panapopasuliwa na dawa kidogo ya kutuliza, bila kulazwa kabisa kwa nusukaputi. Hipnosisi husaidia pia katika maumivu, hofu na baadhi ya maradhi ya tumbo yasiyo na kidonda. Haiui vijidudu vya malaria wala haiondoi saratani. Na pendekezo ovyo laweza kumpandikizia mtu kumbukumbu ya jambo lisilotukia.

5. Hitimisho

Swali la jina, basi, si la wanakamusi peke yao. Mgonjwa akiambiwa ni usingizi, ataogopa kutoamka. Akiambiwa ni kiinimacho, atakataa, au atadhani amerogwa. Akiambiwa ni nguvu ya daktari, ambaye watu wa Lubumbashi humwita munganga, atajikabidhi kama wagonjwa wa Mesmer walivyojikabidhi. Hata usikivu, neno linalokaribia ukweli, lina maana ya utii ndani yake.

Huenda ikabidi kulipokea neno hipnosisi pamoja na kosa lake la Kigiriki. Lakini fasili itakayoandikwa mbele yake iseme alichokisema Faria mbele ya watu waliomcheka: kwamba mwenye kuongoza hutoa neno tu, na kwamba kazi nyingine yote hufanywa na yule anayesikiliza.