Nani alifyeka kihamba cha kwanza?

Kila Desemba magari hujazana Kwa Sadala, kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, yakikata kona kupanda Masama, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Waliotoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo wanarudi kihambani, yaani kwenye shamba la migomba na makazi ya ukoo, na watoto wao wanauliza: ukoo wetu ulianzia wapi?

Marekani, wazao wa wale abiria 102 wa meli ya Mayflower ya mwaka 1620 wana chama chao tangu 1897. Kujiunga hutaka uthibitisho wa kila kizazi: ubatizo, ndoa, wosia. Kwetu Uchaggani, vitabu vya ubatizo vya Machame havirudi nyuma zaidi ya mwaka 1893, walipofika wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani. Zaidi ya hapo ushahidi umo vinywani mwa wazee, na umo ardhini.

Ardhi ina mengi. Baba aligawa kihamba kwa wanawe, na kitindamimba akabaki na nyumba ya wazazi. Mmea wa isale ukapandwa mipakani na makaburini. Anayefuata mipaka hiyo, kihamba hadi kihamba, akiongozwa na mzee anayejua nani aligawiwa na nani, humkaribia yule wa kwanza aliyefyeka msitu. Na koo nyingi zitakwambia kuwa huyo alikuwa mgeni, ametoka Ukambani, Taita, Usambaa au Umasaini. Mchagga naye ni mhamiaji.

Mtego uko kwenye majina. Mjukuu hurithi jina la babu, hivyo jina moja hurudi kila baada ya kizazi kimoja, na ni rahisi kuwafanya watu wawili kuwa mmoja. Dawa yake ni kuuliza rika: alitahiriwa enzi za mangi (mtawala) yupi? Mmisionari Johannes Rebmann alimkuta Mangi Mamkinga akitawala Machame mwaka 1849. Babu wa rika la enzi hizo anapata nafasi yake kwenye kalenda.

Kinachoniuma ni nasaba zetu kuhesabu wanaume watupu. Bibi aliyeletwa kutoka ukoo mwingine, ambaye jina lake amepewa binti wa kwanza wa mwanawe, mara nyingi huandikwa "mke wa fulani" tu. Nusu ya ukoo imefutwa hivyo.

Desemba hii, kabla hujarudi mjini, keti na bibi yako ukiwa na daftari. Muulize jina la mama yake, na la mama wa mama yake. Andika mbele yake, kisha umsomee asahihishe.