Habari ya Histamini, Mjumbe wa Mwilini

Sisi walimu twaulizwa mara nyingi: yawaje mtu aumwe na nyuki leo asidhurike, na siku nyingine, kwa mwiba mmoja tu, avimbe uso na koo hata pumzi zimwishe? Je, sumu imezidi? Sivyo.

Mwaka 1901 wataalamu wawili Wafaransa, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika merikebu ya mtawala wa Monaco, wakichunguza sumu za wanyama wa baharini. Waliporudi kwao wakaendelea na mnyama mmoja afananaye na ua, ambaye nyuzi zake huwasha. Waliwatia mbwa sumu yake kidogo, wakitumaini kwamba wataizoea. Mbwa mmoja, jina lake Neptune, alitiwa sumu ile asiugue. Baada ya siku 22, naye ni mzima kabisa, akatiwa kipimo kile kile. Mara akaanza kuhema, akaanguka ubavu, akatapika damu, na kwa dakika 25 akafa. Kilichotazamiwa kuwa kinga kimekuwa mauti! Richet alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1913, lakini kitu hasa kilichomwua mbwa yule kilikuwa bado fumbo.

Huko Uingereza, mwaka 1910, Henry Dale na Patrick Laidlaw waliwatia wanyama dawa iitwayo histamini, wakaona dalili zilizofanana sana na zile. Mwaka 1927 Dale na wenzake wakaipata histamini hiyo katika ini na mapafu mabichi, yasiyooza. Basi ilikuwamo mwilini tangu awali. Ghala yake ikajulikana mwaka 1953, kwa kazi ya James Riley na Geoffrey West: ni chembe hai zilizojaa punje, ambazo Paul Ehrlich, Mjerumani, alizieleza tangu miaka ya 1870.

Mambo huenda hivi. Mwili wa mtu mwingine, ukikutana na sumu mara ya kwanza, hufanya walinzi, nao hukaa juu ya chembe hizo mfano wa mtego. Sumu ikirudi, mtego hufyatuka, histamini humwagika, mishipa midogo huvuja maji, na njia za pumzi hubana.

Daniel Bovet alipata dawa ya kwanza ya kuizuia mwaka 1937. Lakini koo likivimba, vidonge vya namna hiyo havitoshi. Mgonjwa hupigwa sindano ya adrenalini upesi, kwa kuwa histamini ina wajumbe wenzake wengi.