Dola 39 na Senti 60

Wenzangu tunaosomeana miswada hupenda sana mpenzi awe na gari na nyumba ya ghorofa. Nauli haitajwi kabisa. Kila nikisikia hadithi ya namna hiyo naikumbuka filamu moja ya zamani ya Hollywood, It Happened One Night, aliyoiongoza Frank Capra ikatoka mwaka 1934.

Kisa chenyewe hakina makuu. Ellie, binti wa tajiri, anaruka kutoka kwenye boti ya kifahari ya baba yake huko Miami, anapanda basi kwenda New York kwa mume ambaye baba hamtaki. Humo anakutana na Peter, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Sanduku la bibie linaibiwa. Mvua inakata njia, inabidi walale chumba kimoja. Peter anafunga kamba, anatundika blanketi katikati ya vitanda viwili na kuliita kuta za Yeriko. Basi! Blanketi tu, lakini mtazamaji roho juu.

Marekani ya wakati ule ilikuwa hoi. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Robert Riskin, aliyeiandika filamu hii kutoka hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams, aliwajua watazamaji wake: wahusika wanahesabu senti, njaa ikibana kuna karoti mbichi.

Sasa sikiliza. Baba ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata bintiye. Peter anakwenda kwa mzee na karatasi ya hesabu, anadai dola 39 na senti 60, alizotumia njiani. Zawadi haitaki! Mzee si mjinga, anamwuliza kama anampenda binti. Jamaa anazungukazunguka weee, mwisho anakiri kwa hasira. Kwangu mimi ile karatasi inashinda barua yoyote ya mapenzi.

Columbia, kampuni iliyoitengeneza, ilikuwa ndogo mbele ya vigogo wa Hollywood. Clark Gable aliazimwa kutoka MGM. Claudette Colbert alitaka dola 50,000 na kazi iishe kwa wiki nne. Februari 1935 filamu ilizoa Oscar tano: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na mwandishi Riskin. Colbert hakutarajia kitu. Alifuatwa stesheni akiwa safarini kwa treni, akaipokea na nguo zake za safari.